Habari za Mbegu ya Kiume na Jinsi Kazi Yake Ilivyotambuliwa

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Masihi, alifundisha kwamba korodani hazifanyi mbegu hata kidogo. Kwa rai yake zilikuwa mfano wa mawe ambayo wafumaji wa nguo waliyafunga kwenye nyuzi ili zisilegee: uzito tu wa kuivuta mirija ipitayo mbegu. Hoja yake ilikuwa fahali mmoja ambaye, punde baada ya kuhasiwa, alimpanda ng'ombe jike akamtia mimba. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Mbegu zilizokwisha kukomaa hukaa katika mirija iliyo mbele ya korodani, hata fahali yule alikuwa na akiba yake. Lililokosekana ni kungojea miezi michache na kumjaribu tena. Galen alimpinga Aristotle, lakini hakuna aliyepata kuthibitisha kwa macho.

Mwaka 1668 tabibu kijana wa Uholanzi, Regnier de Graaf, alichapisha kitabu juu ya viungo vya uzazi vya mwanamume. Aliifumua korodani kama mtu afumuavyo kitambaa, akaonyesha kwamba imejaa mirija myembamba iliyokunjamana. Katika mtu mmoja mirija hiyo, ikinyoshwa na kuungwa, hufikia mita mia kadhaa. De Graaf hakujua kinachofanyika ndani yake. Sasa yajulikana kwamba mbegu huchukua muda wa miezi miwili na zaidi kuumbika humo, kisha huingia katika mrija mwingine uliojiviringa, wenye urefu wa mita 6 hivi, zikapata humo uwezo wa kuogelea. Joto la tumboni huidhuru kazi hiyo. Ndiyo sababu korodani huning'inia nje, penye upoa kidogo.

De Graaf alifariki mwaka 1673, akiwa na umri wa miaka 32, lakini kabla ya hapo alikuwa amemjulisha jirani yake wa mji wa Delft kwa wataalamu wa Royal Society mjini London. Jirani huyo alikuwa Antoni van Leeuwenhoek, mwuza nguo asiyejua Kilatini, aliyesugua kwa mikono yake vioo vidogo mno vya kukuzia vitu. Mwaka 1677 mwanafunzi mmoja, Johan Ham, alimletea manii ya mgonjwa wa kisonono, akisema ameona humo vijidudu vyenye mikia. Ham alidhani ni uozo wa ugonjwa. Leeuwenhoek hakuridhika mpaka atazame manii ya mtu mwenye afya, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Alipoandika London mwezi wa Novemba, alijitaabisha kueleza kwamba hakujichafua kwa dhambi, bali alichukua masalio baada ya kulala na mkewe kwa halali. Akaomba pia kwamba, iwapo barua itawachukiza wasomi, isichapishwe. Haya yake haikuupunguza usahihi wake: alikadiria kwamba vijidudu milioni havifikii ukubwa wa chembe moja nene ya mchanga. Barua ikachapishwa.

Tangu kuonwa mpaka kueleweka ilipita karibu miaka 200. Leeuwenhoek alishika kwamba mtoto hutoka kwa mdudu huyo peke yake, na mama ni shamba la kumlisha tu. Wengine walishika kwamba mtoto yumo kamili ndani ya yai. Miongoni mwao alikuwa Lazzaro Spallanzani, padre wa Italia, ambaye katika karne ya 18 aliwavika vyura madume visuruali. Mayai ya majike yakaoza. Lakini yale aliyoyapaka matone yaliyobaki ndani ya visuruali yakawa viluwiluwi. Akachuja manii kwa karatasi: maji yaliyopita hayakuwa na nguvu, mashapo yaliyobaki yalikuwa nayo. Jibu lilikuwa mkononi mwake, naye akaendelea kusema vijidudu ni vimelea tu.

Mwaka 1841 Albert von Kölliker alionyesha kwamba si wadudu wala wageni, bali ni chembe zizaliwazo na korodani zenyewe. Mwaka 1876 Oscar Hertwig akatangaza alichokiona katika yai la mnyama mmoja wa baharini, wa mviringo, mwenye miiba kama nungunungu: kiini cha mbegu na kiini cha yai vikiungana kuwa kimoja. Baba na mama wakawa sawa katika mtoto.

Miaka hiyo yote mke asiyezaa ndiye aliyeitwa tasa, na mume aliyeweza unyumba hakuulizwa neno. Mwaka 1866 J. Marion Sims, daktari wa Marekani, aliwaandikia wenzake juu ya kuchunguza kwa hadubini manii yaliyochukuliwa kwa mke saa chache baada ya kukutana na mumewe. Ikaonekana kwamba mume mwenye nguvu zake zote aweza asiwe na mbegu hata moja.