Ekimeeza: meza ya Kampala iliyozimwa redioni

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jumamosi alasiri, ukumbi wa Club Obbligato jijini Kampala ulijaa watu waliokuja kusema na kusikiliza. Radio One ilirusha mazungumzo yao moja kwa moja. Aliyetaka kuchangia aliandikisha jina, akangoja zamu, kisha akasimama na kipaza sauti mbele ya wenzake kwa dakika chache alizopewa. Msimamizi aliitwa mwenyekiti, na watu waliomba kutoa taarifa au kukumbushia utaratibu kama wafanyavyo wabunge. Kipindi hicho kilijulikana kama Ekimeeza, yaani meza kubwa kwa Kiganda, kwa sababu kilitokana na marafiki waliozoea kuizunguka meza na kujadili siasa.

Miaka kumi nyuma jambo hilo lisingewezekana. Redio ilikuwa mali ya serikali hadi 1993, zilipoanza Sanyu FM na Capital FM. Mwaka 1996 ikaja CBS, redio ya ufalme wa Buganda, nayo baadaye ikawa na baraza lake huko Mengo, lililoitwa Mambo Bado na kuendeshwa kwa Kiganda. Kwa hiyo hata asiyejua Kiingereza cha Ekimeeza alipata pa kusemea.

Na ya kusema yalikuwepo. Helikopta za kijeshi zilizonunuliwa Belarus zilifika zikiwa mbovu, na Jaji Julia Sebutinde akapewa kazi ya kuchunguza nani alikula nini. Mwaka 2005 Mfuko wa Dunia ulisimamisha fedha zake kwa Uganda kwa sababu ya ubadhirifu, fedha zilizokusudiwa wagonjwa wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Magazeti yaliandika, lakini gazeti linanunuliwa na wachache. Redio iko dukani, kwenye teksi na shambani.

Kwa maoni yangu, nguvu ya ekimeeza ilikuwa kwenye kule kusimama. Anayepiga simu studio hukatwa kwa kubonyeza kitufe, na hakuna anayemwona. Pale ukumbini, mtu aliyemtuhumu kiongozi kwa wizi alionekana na wote, akazomewa au akapigiwa makofi, na wafuasi wa chama tawala waliokaa hatua chache kutoka kwake walisimama kumjibu. Porojo zilikuwepo, tena nyingi, lakini mwongo alikosolewa hadharani siku hiyo hiyo. Sijui chombo kingine cha wakati ule kilichompa mwananchi wa kawaida heshima ya namna hiyo.

Serikali haikuipenda. Mwaka 2002 tayari ilitaka mijadala ya nje ya studio isitishwe, lakini ikaendelea. Agosti 2005 redio ya KFM ilifungiwa kwa muda na mtangazaji wake Andrew Mwenda akashtakiwa kwa uchochezi, baada ya kuilaumu serikali kuhusu ajali ya helikopta iliyomuua John Garang, kiongozi wa Sudan Kusini.

Pigo lenyewe lilikuja Septemba 2009. Serikali iliwazuia wajumbe wa Kabaka, mfalme wa Buganda, kwenda wilayani Kayunga, vurugu zikazuka Kampala, na watu zaidi ya 20 wakauawa. CBS na redio nyingine tatu zilifungwa. Mtangazaji Robert Kalundi Serumaga alikamatwa akitoka kuzungumza kwenye televisheni. Ebimeeza, yaani mabaraza yote ya aina ya ekimeeza, navyo vikapigwa marufuku, hata vya redio ambazo hazikufungwa. Hilo la mwisho linaeleza mengi: studio ziliachwa ziendelee kuzungumza siasa, ila wananchi wasikusanyike mbele ya kipaza sauti kilicho hewani.

Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya uchochezi, katika shauri ambalo Mwenda alikuwa mmoja wa waliolifungua. Oktoba mwaka huo CBS ilirudi hewani, na wasikilizaji wake wakashangilia mitaani. Mambo Bado haikurudi nayo. Mijadala ya ufisadi ikabaki studioni, kwa wageni walioalikwa na wapiga simu wanaosubiri laini, na yule aliyekuwa akiandikisha jina lake mlangoni Jumamosi hakuwa na mahali pa kuliandikisha tena.