Sauti, Video na Ushirikiano: Historia Fupi ya Jina la Cheti

Neno "simu" lilitoka katika Kiajemi, na maana yake ilikuwa waya. Leo mkulima wa mpunga huko Mlimba, katika bonde la Kilombero, huongea kwa simu isiyo na waya wowote, wala neno hilo halimtatizi. Katika vyeti vya mitandao mambo yamekwenda kinyume: ufundi umeendelea, majina yamefutwa.

Kampuni ya Cisco ya Marekani ilianzisha cheti cha CCNA mwaka 1998. Baadaye yalizuka matawi, likiwamo la sauti na la video. Mwaka 2015 hayo mawili yalipisha CCNA Collaboration, kwani simu na video zilikwisha kuungana katika mitambo ileile. Tarehe 24 Februari, 2020, tawi hilo nalo lilifutwa, nafasi yake ikachukuliwa na cheti cha CCNA.

Mfasiri akiandika "cheti cha sauti", karani atamdhania mwombaji kuwa mwimbaji. Akiandika "cheti cha ushirikiano", atamhesabu miongoni mwa watu wa vyama vya ushirika, na kijana wa Mlimba atakosa kazi aliyoisomea. Tunapendekeza jina liachwe kama lilivyo, lifuatiwe na mwaka na maelezo: "cheti cha ufundi wa mitandao ya sauti na video".