Yatima Wenye Wazazi: Historia ya Nyumba za Watoto Kampala

Nyumba ya watoto wachanga ya Sanyu, pale kilima cha Namirembe, ilianzishwa mwaka 1929 na muuguzi mmisionari wa Hospitali ya Mengo. Kwa miongo mingi Kampala haikuhitaji nyingi za namna hiyo. Mtoto aliyefiwa alichukuliwa na jaja (bibi au babu) yake, shangazi au mjomba. Hata UKIMWI ulipofyeka wazazi katika miaka ya 1980 na 1990, mzigo ulibebwa zaidi na ukoo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto waliokuwa wakilelewa kwenye nyumba hizo Uganda nzima walikadiriwa kuzidi 1,000 kidogo tu. Katika muongo wa 2010 makadirio yalifika 50,000. Ajabu ni kwamba wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeshaenea na wazazi wengi wakiishi.

Vifo vilipungua, kilichoongezeka ni fedha. Makanisa na wasamaria wa Ulaya na Marekani walifadhili kwa hesabu ya vichwa, hivyo kitanda kitupu kikawa hasara. Madalali wakaanza kuzunguka vijijini wakitafuta wa kukijaza, na wengi wa waliopatikana walikuwa na mzazi hai, au angalau ndugu wanaojulikana.

Kwa mgeni aliyetaka kuondoka na mtoto, kuasili hakukuwa rahisi. Sheria ya Watoto ya 1996 ilimtaka mgeni awe amekaa Uganda miaka mitatu na kumlea mtoto miezi 36 chini ya jicho la afisa ustawi wa jamii. Mawakili wakagundua njia ya mkato: kuomba Mahakama Kuu impe mgeni ulezi wa kisheria, kisha aondoke na mtoto akamalizie kuasili kwao. Guatemala ilipowafungia mlango wageni wanaoasili mwaka 2008, na Ethiopia kuubana mwaka 2011, wateja wakaelekea Kampala. Mwaka 2012 pekee watoto zaidi ya 200 walipelekwa Marekani.

Faili la ombi la ulezi halikuwa nene. Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ripoti ya ustawi wa jamii, na kiapo cha mama kilichoandikwa kwa Kiingereza, pengine kimetiwa dole gumba na mtu asiyejua kukisoma. Mama aliambiwa mwanawe anakwenda kusoma na atarudi. Kila karatasi ilikuwa na mhuri wake.

Sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ilikuwapo tangu 2009, na inataja waziwazi kuasili na ulezi, ila kwa sharti kwamba lengo liwe unyonyaji. Mtoto aliyelala chumba chake mwenyewe Ohio ananyonywaje? Kwa maoni yangu swali hilo liliwafaa sana wafanyabiashara: aliyedanganywa alikuwa mama, na mama hakuwa na wakili.

Mabadiliko yalichochewa kwa sehemu na mashirika ya hisani yenyewe. Shirika la Child's i Foundation lilifungua nyumba ya vichanga Kampala, Malaika, kisha likaanza kuwatafutia watoto wake familia za Uganda za kuwaasili, huku wengi wakisema Mwafrika haasili mtoto asiye damu yake. Familia zilijitokeza. Baadaye nyumba yenyewe ikafungwa. Mwaka 2016 Bunge likabakiza ulezi wa kisheria kwa raia wa Uganda tu, ingawa muda wa mgeni kulea kabla ya kuasili ukapunguzwa hadi mwaka mmoja.

Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake, ikiwatuhumu kwa rushwa katika uasili wa watoto waliotolewa vijijini. Waliowapokea walikuwa wateja wa wakala mmoja wa Ohio, European Adoption Consultants.

Siku hizi kazi ya mashirika mengi ni kurudisha watoto kwao. Mfanyakazi hupanda basi na jina la kijiji, pengine limekosewa herufi, akaanza kwa mwenyekiti wa LC1 na kuulizia mama. Kumpata ndiyo sehemu rahisi. Mara nyingi familia ilimtoa mtoto kwa sababu ya ada ya shule. Akirudi bila ada, dalali mwingine atampata palepale. Kwa hiyo shirika hulipa karo, humpa mama mtaji mdogo, na hurudi kuwatembelea kwa miezi mingi. Gharama hizo hazina picha ya kutuma kwa wafadhili, na nyumba zisizo na kibali bado zinapokea watoto.