Mtu Aliyeishtaki Hesabu

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii ni ya kweli, msomaji, lakini ina sharti moja ambalo kila mpimaji mwaminifu hulishika: haba moja isipimwe mara mbili. Kwa kulisahau sharti hilo, muungwana mmoja wa Ufaransa katika karne ya 17 aliishtaki elimu ya hesabu kuwa inajipinga yenyewe.

Muungwana huyo alikuwa Antoine Gombaud, ajulikanaye zaidi kwa jina la Chevalier de Méré. Siku zile mchezo wa dadu ulipendwa sana na wakubwa wa nchi yake. Dadu, kama ujuavyo, ina pande 6, zenye alama tangu moja hata sita. Ilijulikana kwamba mtu akiahidi kupata sita angalau mara moja katika mitupo 4, faida huwa upande wake. De Méré akawaza hivi: dadu moja ina matokeo 6, nayo mitupo 4 yatosha, dadu mbili zina matokeo 36, basi mitupo 24 itatosha kupata sita mbili kwa pamoja. Je, 4 kwa 6 si sawa na 24 kwa 36? Lakini hesabu kamili ilionyesha kuwa mitupo 24 haitoshi. Muungwana akachukizwa, akasema kuwa hesabu inajipinga yenyewe.

Habari hii tunaijua kwa barua ya tarehe 29 Julai 1654, ambayo Blaise Pascal alimwandikia Pierre de Fermat, mwanasheria wa mji wa Toulouse aliyeipenda hesabu kuliko mapumziko. Barua za wataalamu hao wawili ziliweka msingi wa elimu ya uwezekano.

Sasa twaa kalamu, tulitafute kosa pamoja. Ukitupa dadu mara moja, bahati ya kupata sita ni 1 katika 6. Ukitupa mara mbili, utashawishika kujumlisha na kusema 2 katika 6, yaani 12 katika 36. Endelea hivyo hivyo, na mitupo 6 itakupa 6 katika 6, maana yake huwezi kukosa. Lakini wacheza dadu wote wanajua kuwa mtu aweza kutupa mara 6, hata mara 10, asiione sita.

Andika jozi zote 36 za mitupo miwili. Zenye sita katika mtupo wa kwanza ni 6. Zenye sita katika mtupo wa pili ni 6 pia. Lakini jozi ya sita na sita imo katika mafungu yote mawili, nawe umeihesabu mara mbili. Iondoe mara moja, nazo zitabaki jozi 11, si 12. Hii ndiyo kanuni ya matukio yanayoingiliana: jumlisha yote mawili, kisha toa sehemu iliyo ya pamoja.

Mitupo ikiwa mingi, kuna njia nyepesi zaidi: hesabu kushindwa badala ya kushinda. Mitupo 4 ya dadu moja ina matokeo 1,296. Yasiyo na sita hata moja ni 5 mara 5 mara 5 mara 5, yaani 625. Yaliyobaki ni 671, na hiyo ndiyo faida iliyojulikana. Kwa dadu mbili, kila mtupo una njia 35 za kukosa katika 36. Ukiizidisha bahati hiyo ya kukosa kwa yenyewe katika mitupo yote 24, utaona kwamba katika michezo 1,000 mchezaji atazamie kushinda kama 491 tu. Kwa mitupo 25 atazamie kushinda zaidi ya 505. De Méré alikosa kwa mtupo mmoja!

Mwaka 1718 Abraham de Moivre, Mfaransa aliyekimbilia London, alichapisha kitabu kikubwa cha elimu hii, akaitumia njia ya kujumlisha na kutoa hata kwa mafungu mengi yanayoingiliana.

Usidhani kuwa haya ni ya wacheza kamari peke yao. Mkulima akijua kwamba ukame huja mwaka 1 katika 5, na nzige vilevile, asiseme kuwa atapata hasara miaka 2 katika 5. Na aulize kwanza: ni miaka mingapi ambayo mabaya hayo huja pamoja? Bila jibu hilo, huenda hofu yake imepita kiasi.

Basi, msomaji, jumla yako ikipingana na uliyoyaona kwa macho, usiishtaki hesabu upesi. Rudi ukatazame kama kuna haba uliyoipima mara mbili.