Matokeo Hayabinafsishwi, Hupimiwa

Majuzi kijana mmoja wa Changamwe aliniletea kijitabu cha mafunzo ya kompyuta, kidole kakitia kwenye maneno haya: ubinafsishaji wa matokeo ya utafutaji. Akaniuliza, "Mzee, kwani hizi injini za utafutaji zilikuwa mali ya serikali?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mtoto aliyekulia baina ya bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta amelisikia neno hilo tangu utotoni, na kwake lina maana moja tu: mali ya umma kutiwa mikononi mwa wenye fedha. Kenya ilitunga Sheria ya Ubinafsishaji mwaka 2005. Neno limekwisha kuozwa, na waliolitafutia mume wa pili hawakumuuliza hata jirani.

Na hata lingekuwa halijaozwa, lisingefaa. Binafsi ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyoshikana: bi, yaani kwa, na nafsi. Asemaye "nilikwenda mimi binafsi" anamaanisha alikwenda kwa nafsi yake, hakutuma mtu. Mtenda ni yeye. Sasa tazama jambo lenyewe. Mimi nikiwa Likoni na mpwa wangu akiwa Kisauni, tukiandika neno lilelile, kila mmoja huonyeshwa orodha yake kwa kuwa mtambo umezingatia mahali alipo, lugha ya simu yake na aliyoyatafuta jana. Tangu Desemba 2009 Google hufanya hivyo hata kwa asiyefungua akaunti. Nafsi yangu imetenda nini hapo? Nimetendewa. Neno limempindua mtendwa likamfanya mtenda, na kosa hilo haliponywi kwa kulizoea.

Wengine, wakijiona werevu zaidi, wametuletea "uwekaji mapendeleo". Hapa pwani upendeleo ni kijana kukosa kazi kwa sababu mwenzake ana mjomba ofisini. Tena mimi sikusema napendelea nini. Mtambo ndio uliokisia.

Neno ninalolitetea ni upimiaji. Shina lake, pima, ni la Kibantu hasa. Waganda husema okupima, Wakikuyu gũthima. Baharia wetu alipotupa bildi majini alihesabu kina kwa pima, na pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, yaani kipimo kilitoka katika mwili wa mtu mwenyewe. Kumpima mtu ni kumchunguza ujue ni wa namna gani. Tia kiambishi cha kutendea, upate pimia: kumpimia mtu kitu, kumtolea kwa kadiri yake. Mtoto wa Likoni akitumwa dukani husema, "Nipimie mafuta." Mwenye duka anaijua nyumba aliyotoka, anaijua chupa, anajua leo ni tarehe ngapi, mkono wake umekwisha kuishika kata kabla mtoto hajataja kiasi. Mtambo nao hukupima kwanza, kisha hukupimia. Neno moja limebeba kazi zote mbili.

Limebeba na hatari yake. Penye kupimiwa pana kupunjwa. Mmarekani Eli Pariser alionya katika kitabu chake cha 2011 kwamba kinachotudhuru ni yale tusiyoonyeshwa, nasi hatujui kuwa yamefichwa. Ubinafsishaji hauna pa kulitia onyo hilo. Upimiaji unalo tumboni.

Nililitoa neno hili katika kikao cha istilahi ambacho sitakitaja. Niliambiwa, kwanza, kwamba litachanganywa na upimaji. Ajabu! Kutokana na hama tuna uhamaji, kutokana na hamia tuna uhamiaji, na sijapata kumwona Mkenya aliyepotea njia akienda Idara ya Uhamiaji kwa pasipoti. Kanuni ni ileile, herufi ni ileile. Kisha mjumbe mmoja akasema hiyo ni lugha ya dukani. Hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Mwaka 1928 mkutano uliokaa hapa hapa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja, wala si Kimvita chetu cha Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tuliupokea uamuzi ule, tukakifundisha, tukakiandikia vitabu. Leo tunaambiwa kwamba hata neno ambalo Unguja nzima hulitumia dukani kila siku si safi likitoka kinywani mwetu. Wapi wanadhani lugha hununua unga?

Matumizi ni mepesi: matokeo ya kupimiwa, mtambo umenipimia, zima upimiaji.

Wahariri wa magazeti na walimu wa kompyuta wa Kisauni, Likoni na Changamwe, nawaomba msingoje muhuri wa kikao. Andikeni upimiaji kesho asubuhi. Yule kijana nilimwambia mara moja tu, naye amekwisha kulifuta lile neno kijitabuni kwa kalamu na kuliandika hili juu yake.