Samaki mmoja akioza: historia ya adhabu ya ukoo Kaskazini Mashariki

Aprili 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoanza kuwasikiliza Wakenya hadharani, ilianzia Garissa. Miongoni mwa yaliyosimuliwa ni mambo ya Novemba 1980. Mwezi huo watu wenye bunduki waliwaua maofisa wa serikali mjini humo. Vikosi vya usalama havikuishia kuwasaka wauaji. Mtaa wa Bulla Karatasi uliteketezwa, na wakazi wakaswagwa hadi uwanja wa shule ya msingi, wakazuiliwa hapo kwa siku kadhaa bila chakula wala maji.

Kanuni za adhabu za Kenya hazina utata juu ya jambo hili. Aliyeua hujibu kwa kuua, aliyejeruhi hujibu kwa kujeruhi, na aliyekutwa na bunduki bila kibali hujibu kwa bunduki hiyo. Mama aliyekuwa akichemsha chai Bulla Karatasi alikuwa na kosa gani? Ili kupata jibu inatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka 100, kwa sababu yaliyotokea uwanjani pale yalikuwa na mizizi katika sheria iliyoandikwa na kupigwa mhuri.

Mzigo ambao Waingereza waliutua

Waliotuletea sheria hiyo, iliyoruhusu kuitoza jamii nzima faini kwa kosa la mmoja, walikuwa wameionja wenyewe. Mwaka 1285, Sheria ya Winchester iliamuru kwamba mtu akiibiwa kwa nguvu na mwizi asipatikane, wakazi wa tarafa hiyo wamlipe aliyeibiwa. Sheria ya Ghasia ya 1714 ilifuata mkondo huohuo. Watu 12 au zaidi wakizusha fujo, hakimu aliwasomea tangazo la kuwataka watawanyike, na waliobaki baada ya saa moja walistahili kunyongwa. Nyumba iliyobomolewa na wazusha fujo ililipwa na wakazi wa tarafa.

Taratibu Uingereza iliondoka huko. Mwaka 1861 ilitunga sheria ya makosa dhidi ya mwili wa mtu, iliyopanga mashambulio kwa uzito, kuanzia kipigo cha kawaida hadi jeraha baya, na kila kosa likawa na mtu wake kizimbani. Mwaka 1886 wakazi wa tarafa walivuliwa deni la ghasia, na fidia ikaanza kutoka katika kodi ya polisi.

Miaka 23 tu baadaye, mwaka 1909, serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Adhabu ya Jumla katika Afrika Mashariki ya Uingereza. Mzigo ambao raia wa Uingereza walikuwa wametuliwa ukatwishwa Mwafrika.

Wilaya zilizofungwa

Kaskazini ilikuwa imeshatengwa. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 ilimpa mkoloni uwezo wa kuifunga wilaya, mtu asiingie bila leseni. Eneo la Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo, ambalo wazee hadi leo huliita NFD (Northern Frontier District), likaishi ndani ya uzio huo.

Suala la silaha mikononi mwa wenyeji lilipamba moto Februari 1916, wapiganaji wa ukoo wa Kisomali wa Aulihan chini ya Abdurrahman Mursaal walipoivamia kambi ya Serenli, Jubaland, na kumuua ofisa wa Uingereza, Luteni Francis Elliott. Majibu yalikuwa msafara wa kijeshi wa kuwapokonya Aulihan bunduki na mifugo. Hesabu haikuangalia nani alikuwa Serenli siku ile na nani alikuwa malishoni maili 100 mbali. Jina la ukoo lilitosha.

Mwaka 1930 Kenya ilipata kanuni zake za adhabu zenye asili ya Kiingereza: shambulio, kujeruhi, mkusanyiko haramu kuanzia watu watatu, ghasia. Mtu wa Nairobi aliyempiga mwenzake alifikishwa mbele ya hakimu kwa jina lake. Lakini mwaka 1933 ikaja sheria ya wizi wa mifugo iliyohalalisha kuuadhibu ukoo wa mkosaji, na mwaka 1934 Sheria ya Utawala wa Wilaya Maalumu, iliyoruhusu kukamata, kuzuilia na kutwaa mali za makabila yaliyopewa jina la "makabila adui". Nchi moja ikawa na sheria mbili, na mpaka kati yake ulikuwa kizuizi cha barabarani.

Dia si faini

Maofisa walikuwa na hoja ya kujitetea. Walisema Wasomali wenyewe hulipa kwa ukoo. Ni kweli kwamba dia, ambayo Wasomali huiita mag, hutozwa jamaa za muuaji kwa pamoja, na kiwango cha kimila ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke.

Hoja hiyo huanguka ukiifuata njia anayopitia ngamia. Katika dia, wazee wa pande mbili huketi, aliyetenda hutajwa, kosa hukiriwa, na ngamia huenda kwa wafiwa ili damu isiite damu nyingine. Wanaochanga wanajuana na wamekubaliana tangu zamani kubebana. Katika faini ya serikali, askari walikuja zizini na kuondoka na mifugo. Hata pale ambapo sehemu yake ilimfikia aliyedhulumiwa, mwenye kuamua alikuwa ofisa, na ukoo haukuulizwa. Dia ilifunga ugomvi. Faini iliacha boma limekosa maziwa na vijana wakiwa na sababu mpya ya kutafuta bunduki.

Uhuru na hali ya hatari

Juni 1963 mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, alipigwa risasi na kuuawa pamoja na chifu Haji Galma Dida. Wasomali wengi wa NFD walikuwa wamedai kujiunga na Somalia, na tume iliyozunguka eneo hilo mwaka 1962 iliyasikia madai hayo. Desemba 1963, siku chache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa na vita dhidi ya waliotaka kujitenga, vilivyoitwa vita vya shifta, vikaanza.

Serikali mpya iliirithi fimbo ya mkoloni na kuirefusha. Watu waliweza kuzuiliwa hadi siku 56 bila kesi. Ukanda wa mpakani ukapigwa marufuku. Kukutwa na bunduki bila kibali kukawa na adhabu moja tu, kifo. Kanuni za mwaka 1966 ziliondoa hata uchunguzi wa kisheria wa kifo pale ilipoaminika kwamba marehemu aliuawa na askari. Vita vilitulizwa kwa makubaliano ya Arusha, Oktoba 1967, chini ya usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Kisha mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967.

Vita vilikwisha, hali ya hatari ikabaki. Ndani yake ndimo Bulla Karatasi ilimoungua mwaka 1980. Ndani yake pia, Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, katika operesheni iliyoelezwa kuwa ya kukusanya silaha. Serikali ilitaja vifo 57. Manusura walihesabu mamia, na ripoti ya Tume ya Ukweli, iliyotolewa mwaka 2013, ilisimama upande wao. Hali ya hatari iliondolewa mwishoni mwa 1991, na sheria za wilaya za pembezoni na wilaya maalumu zikafutwa mwaka 1997.

Njia waliyoitafuta wenyeji

Wakati sheria ya kutumia nguvu ilipokuwa ikichoka, wananchi walijenga yao. Mwaka 1993 koo za Wajir zilikuwa zikiuana. Wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni, wakihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kudhurika, kisha wakawafuata wazee hadi mwafaka wa Al-Fatah ukapatikana. Mwaka 2001 jamii za kaskazini zilikutana Modogashe na kuafikiana juu ya wizi wa mifugo, silaha, malisho na fidia.

Katiba ya 2010 imezitambua njia hizo katika Ibara ya 159. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuondoa shtaka la mauaji baada ya familia mbili za Kisomali kupatana na kulipana ngamia na mbuzi. Si majaji wote waliokubali kuifuata njia hiyo, na wasiwasi wao una msingi. Dia ina dosari: humpa mwanamke nusu ya thamani, na mwenye ukoo mkubwa huweza kujificha nyuma ya mifugo ya wengine. Inastahili kurekebishwa huku nguvu yake ya kuwapatanisha majirani ikilindwa.

Mmoja aliyeachiwa

Mazoea ya zamani hayafi kwa kufutwa sheria. Novemba 2012 wanajeshi watatu waliuawa kwa risasi Garissa, na soko la Suuq Mugdi likaungua. Wafanyabiashara waliwalaumu wanajeshi, na jeshi likakana.

Alfajiri ya 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kama kuna siku ambayo hasira ingeweza kutafuta kabila la kulipa, ilikuwa siku hiyo. Ila kesi ilisikilizwa Nairobi, shahidi mmoja baada ya mwingine, hadi mwaka 2019. Kati ya washtakiwa wanne waliofikia hukumu, watatu walipatikana na hatia. Wa nne aliachiwa kwa sababu ushahidi haukumgusa.

Methali yetu husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kaskazini Mashariki iliishi chini ya methali hiyo kama sheria kwa miongo mingi. Kwa hiyo mimi namfikiria sana yule wa nne. Hakimu alikuwa na vifo 148 mbele yake, na bado aliuliza: huyu hasa, kwa mikono yake, alitenda nini? Mwaka 1980, katika uwanja wa shule ya msingi, hakuna aliyewauliza watu wa Bulla Karatasi swali hilo.