Tiba ya mazungumzo: utakutana na nini siku ya kwanza?

Mama umejifungua salama, mtoto anaongezeka uzito na kadi yake ya kliniki inasomeka vizuri. Lakini wewe hulali hata mtoto akilala, machozi yanakutoka bila sababu unayoweza kuitaja, na chakula hakina ladha. Muuguzi anakushauri ukaonane na mwanasaikolojia.

Kina mama wengi hapa Wazo huitikia, kisha hawaendi. Wanaogopa majirani watasema wamerukwa na akili, au kwamba watanyang'anywa mtoto. Ukijua kinachofanyika ndani ya chumba kile, hofu hupungua.

Je, ni mimi peke yangu?

Hapana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, wajawazito kama 16 kati ya 100, na kina mama kama 20 kati ya 100 baada ya kujifungua, hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Sonona si uvivu, si kukosa shukrani, wala si dalili kwamba humpendi mwanao.

Machozi ya siku chache za mwanzo baada ya kujifungua ni ya kawaida na huisha yenyewe. Yakizidi wiki mbili, tafuta msaada. Hali kadhalika kwa mlezi anayemuuguza mgonjwa au kulea mtoto mwenye ulemavu, akaona amechoka kiasi cha kutojali chochote.

Mwanasaikolojia hufanya nini?

Hutibu kwa mazungumzo yenye mpangilio na lengo. Hakupi sindano. Dawa zikihitajika, atakuelekeza kwa daktari. Ukiwa unanyonyesha mwambie daktari huyo, kwa sababu zipo dawa anazoweza kukuchagulia bila kukuachisha kunyonyesha.

Mama mkwe, shoga yako na kiongozi wa dini wana nafasi yao, lakini mara nyingi watakuambia cha kufanya. Mwanasaikolojia husikiliza kwanza, kisha anakusaidia kuona tatizo limekaaje na hatua gani unaiweza. Pia hana undugu na upande wowote wa familia yako.

Tiba hii si ya wazungu wala ya matajiri tu. Pembezoni mwa jiji la Nairobi, wanawake waliowahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia walipewa vikao 5 vya mpango wa WHO, wakihudumiwa na wahudumu wa afya wa jamii waliofundishwa kazi hiyo. Walijifunza kupumua taratibu, kupanga namna ya kukabili tatizo moja moja, kurudia shughuli walizoziacha na kutafuta watu wa kuwashika mkono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua zaidi kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida.

Siku ya kwanza

Kikao huchukua kama dakika 45 hadi saa moja, ingawa penye foleni ndefu kinaweza kuwa kifupi. Mtoto anayenyonya nenda naye. Utaulizwa:

- Nini kimekuleta, na kilianza lini?
- Unalala na kula vipi?
- Nyumbani unaishi na nani, na nani anakusaidia?
- Umewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto?

Swali la mwisho huulizwa watu wengi. Usilifiche jibu. Wazo la kutisha linaweza kukujia bila wewe kulitaka, na kulitaja hakukufanyi kuwa mama mbaya. Ndiyo njia ya kulindwa wewe na mtoto.

Si lazima useme yote siku hiyo. Ukifika jambo usiloweza kulizungumza, sema, "Hili tuliache kwanza." Na wewe una haki ya kuuliza: Umesomea nini? Tutakutana mara ngapi? Gharama ni kiasi gani?

Je, atamwambia mume wangu?

Mazungumzo yenu ni siri. Siri hiyo ina mipaka pale maisha yako, ya mtoto au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini. Mwombe akueleze mipaka hiyo kabla hujaanza. Ukiwa na wasiwasi kwamba kuna mtu nyumbani atakupiga akijua, mwambie mapema ili mpange namna salama ya kuwasiliana.

Vikao vinavyofuata

Huenda ukapewa kazi ndogo ya nyumbani, kama kutembea hadi dukani kila asubuhi au kuandika saa ambazo moyo huwa mzito zaidi. Baada ya kikao cha kwanza au cha pili unaweza kujisikia vibaya zaidi, kwa sababu umegusa kidonda. Usikate tamaa, mwambie. Ukiona vikao kadhaa vimepita bila nafuu, au anakuhukumu, omba mwingine. Si utovu wa adabu.

Nianzie wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya unakompeleka mtoto kliniki. Mwambie muuguzi, "Nina shida ya mawazo, naomba kuzungumza faraghani." Kutoka hapo unaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala au Temeke, kutegemea unakoishi, na ikibidi Muhimbili. Kama nauli ya daladala au gharama ya matibabu ni kikwazo, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii.

Usisubiri miadi

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, kama mama:

- anapanga kujiua au kumdhuru mtoto;
- anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni;
- halali kabisa kwa siku kadhaa, na maneno yake hayaeleweki.

Wewe mume, dada au mama mzazi uliye karibu naye, usimwache peke yake wala usimwachie mtoto. Msindikize, na mtoto ashikwe na mtu mwingine. Hizi ni dalili za ugonjwa unaotibika, na mama akiwahishwa hupona akaendelea kumlea mwanawe.